Mjumbe Katika Ua wa Himatlal

Jumamosi ndiyo siku aliyoipenda Idah Waithira kuliko zote. Hata uzeeni, siku zote zilipokuwa zimekwisha kufanana, bado aliamka Jumamosi na moyo mwepesi kana kwamba kuna treni ya kuwahi. Treni yenyewe ilikuwa ile ya mwaka wa hamsini na nane, itokayo Ruiru kwenda Thika, ikipita katikati ya mashamba ya kahawa na mikonge, ikimpigia honi kila ng'ombe aliyesogelea reli. Na Thika ya siku hizo ilikuwa mji mdogo, unaouzunguka kwa miguu ukarudi pale ulipoanzia na bado una hamu ya kutembea: maduka ya Wahindi yenye baraza za saruji, mijakaranda iliyomwaga maua barabarani, harufu kali ya magome ya miwati ya kutengenezea ngozi kutoka kiwandani, na malori ya mananasi yaliyokuacha umesimama unameza mate.

Waliozijua siku hizo watauliza, hivi kweli yupo mtu wa kuzitamani? Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na waasi. Mtu hakutoka kijijini bila pasi, na kijiji chenyewe si kile alichozaliwa. Kilikuwa nyumba zilizopangwa mistari kwa amri ya serikali, mlango wako ukimtazama jirani usiyemchagua. Idah aliyajua hayo yote, na aliyaishi. Lakini moyo hauna adabu. Huchuma ua lake hata kwenye miiba.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, mwalimu wa watoto wadogo katika shule moja ya Mugutha, karibu na Ruiru. Alitaka cheti cha Kembriji, kile cha kumaliza sekondari. Shule ya kumfikisha huko hakuipata, kwa hiyo aliamua kujisomea mwenyewe, na katika masomo yote lililomshinda lilikuwa fasihi: visasili vya watu wa kale, mashujaa wao, na tanzia zao. Alisoma ukurasa mmoja mara tatu, akaelewa kila neno, na asielewe watu hao walikuwa wanalia nini.

Siku moja aliingia katika duka la Himatlal kununua kitambaa cha sare za watoto. Kitabu kilikuwa kwapani. Msichana aliyekuwa akimpimia kitambaa, binti wa mwenye duka, akasimamisha mkasi.

"Hii kitabu, nani anasomesha wewe?" akauliza.

"Hakuna. Najisomea."

"Na unasikia?"

Idah alitaka kusema ndiyo, heshima isije ikavunjika mbele ya wateja. Akasema, "Hapana, sisikii."

Msichana akacheka, kicheko kisicho na dharau hata kidogo. Jina lake Vimla. Alikuwa amerudi kutoka Bombay na digrii, akifundisha shule ya wasichana wa Kihindi siku za juma, na jioni akimsaidia baba yake dukani huku jamaa zake wakimtafutia mchumba. "Kuja Jumamosi, saa nane," akasema. "Kuja na mwingine kama iko."

Hivyo ndivyo lilivyoanza darasa lile. Idah alimleta Gerishon Kagwe, karani wa shamba moja la kahawa Ruiru, kijana wa tai na maneno marefu, ambaye naye alikuwa akiutafuta mtihani uleule. Vimla alimleta Mohinder, kijana wa Kisingasinga mwenye kuendesha lori la mbao la mjomba wake, aliyeanguka mtihani mara mbili na bado hajakata tamaa. Walikaa katika chumba cha nyuma, kwenye mabenchi yaliyozungukwa na majora ya vitambaa. Himatlal alitoa sharti moja tu: mlango wa mbele na wa nyuma ibaki wazi, ili askari yeyote apitaye aone kwa macho yake kwamba humo ndani mna vitabu na chai. Chai ilikuwa ya tangawizi, ya mkono wa Shakuntala, mama yake Vimla, ambaye hakujua Kiingereza lakini alijua ni wakati gani mwanafunzi amechoka.

Vimla alifundisha kwa Kiingereza, na pale Kiingereza kilipogonga mwamba, alishuka kwenye Kiswahili chake cha dukani. Aliwapeleka Uyunani, akawapeleka Babeli, akawapeleka Bara Hindi kwa bibi zake. Aliwaeleza jinsi watu wa kale walivyotengeneza visa vya miungu ili wapate wa kumlaumu radi inapopiga. Aliwaeleza shujaa.

"Shujaa si mtu mzuri," alisema. "Na si mtu mbaya. Ni mtu kubwa ambaye anakosea mahali moja tu. Halafu ile mahali moja inafunguka, inafunguka, mpaka nyumba yote inaingia ndani."

"Lakini Bhenji," Mohinder akamkatiza, maana yeye alimwita Vimla dada kwa lugha ya kwao, "kwa nini tunalilia mfalme tu? Maskini analia kila siku, hakuna mtu anamtungia mchezo."

Gerishon akakohoa, akarekebisha tai. "Mfalme akianguka, anaanguka kutoka juu. Kishindo kinasikika."

"Na maskini je?"

"Maskini yuko chini tayari."

Walicheka, na Idah akacheka, lakini aliporudi nyumbani neno lile lilikwenda naye.

Nyumbani kulikuwa na baba yake, Wainaina. Kabla ya Hali ya Hatari, Wainaina alikuwa dereva wa mkokoteni wa ng'ombe katika shamba la mkonge, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu mwenye ulimi kama wake. Alitega vitendawili mpaka pombe ikaisha kwenye kibuyu. Hadithi zake zilikuwa na jina la kila zimwi na rangi ya kila mbuzi. Kisha akachukuliwa kizuizini. Alipoachiliwa, mwaka mmoja kabla ya hizi habari zetu, alirudi na mwili wake wote, mikono yote miwili, macho yote mawili. Kilichobaki huko kilikuwa maneno. Alisema ndiyo, alisema hapana, aliomba maji. Mama yake Idah aliwaonya watoto wasimsumbue. "Mwacheni," alisema. "Mti uliopigwa radi hauulizwi majani yameenda wapi."

Ila binti yake alikuwa bado na jina kwake. Idah Waithira aliitwa kwa jina la nyanya yake, mama yake Wainaina, na kwa desturi ya Wakikuyu baba alimwita *maitu*, yaani mama yangu. Hilo neno moja halikumtoka.

Mwezi wa Julai Wainaina alipata kibali cha msimu cha kwenda Thika kutafuta jembe na mbegu, akasafiri na Idah katika treni ya Jumamosi. Alipomaliza shughuli zake alikuja kumngoja kwenye baraza la Himatlal, kando ya cherehani ya fundi Simeon. Mlango ulikuwa wazi, kama desturi. Alikaa akiwa ameweka kofia gotini, uso kaupa barabara, na hapakuwa na mtu aliyejua kama anasikia. Jumamosi iliyofuata akasema anakwenda tena Thika. Idah hakumwuliza jembe gani la pili. Jumamosi ya tatu Vimla akatoka nje.

"Mzee, hapa iko jua. Ingia ndani."

"Hapa panatosha, Mama Mwalimu," akajibu Wainaina, na Idah akashtuka kusikia sentensi nzima. Lakini Shakuntala alikwishaleta kikombe cha tano akakiweka juu ya benchi la ndani, na mtu mwenye adabu hakiachi kikombe kipoe peke yake. Wainaina akaingia.

Wakati huo Vimla alikuwa na jambo jipya kichwani. Tanzia, alisema, haikuandikwa isomwe kwa macho kama barua ya benki. Iliandikwa isimame na kutembea. Kwa hiyo aliwatungia mchezo wake mwenyewe, mfupi, kwa mtindo wa watu wa kale, ili waone jinsi kitu hicho kilivyoundwa. Ilikuwa habari ya mfalme wa mji wa juu mlimani, aliyeuziba mto wakati wa ukame ili watu wake wasife kwa kiu. Mji wa chini ukamwomba maji, akakataa. Mwaguzi akamwonya, mfalme akamfukuza. Akawatuma wanawe wote kulilinda boma lile la kuuzuia mto. Mvua zikarudi kwa hasira, boma likapasuka, na wa kwanza kuchukuliwa na maji walikuwa wanawe.

Gerishon na Idah waliugeuza kuwa Kiswahili, ili fundi Simeon na majirani waelewe. Mohinder akawa mfalme, kwa kimo chake. Gerishon akawa mwaguzi. Idah akawa malkia, mama wa wale wana.

"Na sisi tutawaonaje hao vijana wakifa maji?" aliuliza Gerishon. "Humu uani hakuna hata bomba."

"Hatuoni," Vimla akasema. "Watu ya zamani hawakuonyesha kifo mbele ya watu. Kifo iko mbali, nyuma ya mlango. Anakuja mjumbe, anasema. Yeye aliona. Sisi tunasikia kwake."

Kila mtu akawa anawaza pa kumpata mjumbe. Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi la ukutani.

"Huyo mjumbe," Wainaina akauliza, "anaitwa nani?"

"Hana jina, Mzee. Ni mjumbe tu."

"Anatoka pale wenzake walipofia?"

"Ndiyo."

"Na yeye imekuwaje hakufa?"

Vimla, aliyekuwa na jibu la kila swali, akapekua kurasa zake. "Hakuna mtu anauliza yeye hiyo," akasema mwishowe.

Fundi Simeon akadakia kutoka barazani, mguu ukiwa bado kwenye pedali, "Mjumbe hauawi!"

"Hauawi," Wainaina akasema polepole. "Lakini asipofika, ujumbe humla kutoka ndani." Kisha akamgeukia Vimla. "Nipe mimi hiyo kazi."

Walifanya mazoezi mwezi mzima. Wainaina hakusoma vizuri, kwa hiyo Idah alimfundisha maneno yake ndani ya treni, na tena shambani wakipalilia maharagwe. Maneno yalikuwa machache: nimekimbia kutoka mtoni, ewe malkia, boma limevunjika, maji yamewachukua. Aliyasema sawasawa, bila kukosea, kama mtu anayehesabu magunia. Vimla alimwomba atie uchungu. Akajibu kwamba uchungu utakuja wenyewe siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri. Ua wa Himatlal ulifagiwa, ukanyunyiziwa maji vumbi lisimame. Watazamaji walikuwa fundi Simeon na mkewe, wajomba wa Mohinder wenye vilemba vya rangi ya bluu, wanawake wawili watatu wa duka la jirani, na Shakuntala kwenye kiti cha kitambaa mbele kabisa. Mohinder alitawala kwa fahari, amejifunga jora zima la hariri ambalo liliahidiwa kurudi dukani bila doa. Gerishon alitabiri kwa Kiswahili kirefu mno. Wajomba walicheka pasipostahili kuchekwa, lakini walicheka kwa mapenzi.

Kisha Wainaina akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amevua viatu. Alitembea hadi mbele ya binti yake aliyekaa juu ya kreti la soda lililofunikwa shuka, akavua kofia, akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka Vimla akamnong'oneza mstari wa kwanza: nimekimbia kutoka mtoni.

"Sikukimbia," akasema Wainaina. "Nimekuja kwa miguu, maitu, na nimechelewa."

Maneno hayo hayakuwa katika mchezo.

"Mwanao hakufa akikimbia. Wasije watu wakakuambia alikimbia. Tulikuwa tukivunja mawe, na kifua kilikuwa kinambana tangu mvua zilipoanza. Siku ile aliweka nyundo chini, akaiweka taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akakaa na mgongo ukutani. Akaniomba maji. Nikaenda kuyaomba, nikakatazwa, nikaenda tena. Niliporudi nayo aliyanywa yote. Akasema maji ya huku ni mabaya, akacheka. Alikuwa na meno mazuri, maitu. Akaniambia, wewe utarudi, nenda kwa mama. Nikamwambia nitakwenda. Ndipo akaegemea hapa." Akaligusa bega lake la kushoto. "Hapa. Na mimi nikabaki nimekaa, kwa sababu niliona nikisimama ataanguka."

Cherehani za barabara nzima zilikuwa zimepumzika kwa kuwa ni Jumapili. Mjomba mmoja wa Mohinder, aliyeikimbia Lahore mwaka wa arobaini na saba, Bara Hindi lilipogawanywa kwa damu, na hakuwahi kuisimulia safari hiyo hata mara moja, alikuwa ameshika ndevu zake kwa mikono miwili, machozi yakipita katikati ya vidole.

Malkia alitakiwa aseme mistari sita. Idah hakukumbuka hata mmoja. Aliteremka kwenye kreti, akamshika baba yake mikono yote miwili, akasema neno la pekee lililomjia: "Asante kwa kuja."

Hapo mchezo ukaisha, ingawa kwenye karatasi ulikuwa umebakiza kurasa mbili.

Katika treni ya kurudi Ruiru, baba na binti walikaa dirishani. Jua lilikuwa limelala juu ya mikonge. Walipoipita Juja, Wainaina akasema, "Anaitwa Macharia. Mama yake yuko Ngoliba. Jina lake Nyawira." Akalitazama jua. "Kule kizuizini walituonya tusiseme. Na huku, kila nilipoomba kibali cha Ngoliba, chifu aliniuliza nakwenda kufanya nini, nami sikuwa na neno la kumpa. Basi nikawa nayabeba maneno yake."

"Tutakwenda, Baba."

"Tutakwenda, maitu."

Kibali kilipatikana kwa ulimi wa Gerishon, aliyekwenda kwa chifu na tai yake, akaeleza mambo ya mbegu za mtama kwa maneno marefu hivi kwamba chifu alitia sahihi ili apate kupumzika. Lori lilikuwa la Mohinder, aliyekuwa akipeleka mbao shamba la mkonge la upande ule. Shakuntala alituma sukari na majani ya chai, na Vimla akatuma leso mbili. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda. Alisimama barazani mpaka lori likapinda kona.

Ngoliba ni nchi ya chini, kavu, yenye migunga na vumbi jekundu, na joto lake si la Ruiru. Waliuliza njia mara mbili, wakaonyeshwa nyumba. Mwanamke mwembamba alikuwa amekaa kivulini akichambua kunde kwenye uteo. Alimwona Msingasinga, akamwona msichana, lakini macho yake yakatua kwa mwanamume aliyekuwa akivua kofia. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Mama wa Macharia," Wainaina akaanza.

"Kaa kwanza," akasema Nyawira. "Habari iliyongoja miaka haitashindwa kungoja uji."

Akaenda kuuleta uji. Wakanywa wote, na Mohinder akanywa, akasifu. Nyawira akakusanya vibuyu, akaviosha, akavipanga. Ndipo akaja kuketi mbele ya Wainaina.

"Sasa sema."

Idah aliyasubiri maneno ya uani, lile la nyundo na yai, lile la meno mazuri. Hayakuja. Yote yalimkimbia baba yake, na kilichotoka kilikuwa kifupi na kigumu kama jiwe.

"Mama, Macharia hayupo."

"Najua hayupo. Walileta karatasi. Karatasi haikuniambia kitu." Akavuta pumzi. "Alizikwa na watu?"

"Na sisi wenyewe. Mimi nilikuwa upande wa kichwa."

"Alikuwa na shuka?"

"Alikuwa na koti langu."

Nyawira akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka sawa kabla ya kuanza kutembea nao. Akauliza mengine, moja moja: alikuwa anakula nini, alikuwa amekonda kiasi gani, nani alikuwa akilala karibu naye, alikuwa anaimba bado? Wainaina akajibu kila swali, na kadiri alivyojibu ndivyo ulimi ulivyolegea, mpaka akajikuta anasimulia jinsi Macharia alivyomwiga mlinzi mmoja mwenye matege, na Nyawira akacheka kwa sauti huku amejifunika mdomo kwa leso.

"Alinipa neno nikuletee," akasema Wainaina. "Alisema mizinga yake ya nyuki isikae bure. Umwite mwanamume yeyote aivune, alisema. Usiiache ikimngoja yeye."

Nyawira akageuka akaitazama migunga nyuma ya nyumba. Mizinga ilikuwa inaning'inia kule juu, magogo marefu ya kijivu. Tangu kijana achukuliwe hakumruhusu mtu kuigusa. Majirani walikuja wakiomba, akawafukuza kwa fimbo.

"Mwanamume yeyote," akasema. "Basi ndiye wewe."

Jua lilipoanza kupoa, Wainaina alipanda. Alikuwa hajapanda mti kwa miaka mingi, na Idah chini alishika roho mkononi. Mohinder alichoma mavi makavu ya ng'ombe, akampandishia moshi kwa kamba, akikohoa na kulia na kumwita Mungu wake. Nyuki walimuuma Wainaina shingoni na masikioni. Alitukana nyuki hao kwa Kikuyu, matusi ya zamani, marefu, yenye kutaja ukoo mzima wa nyuki, na Idah, aliyekuwa hajasikia kitu kama hicho tangu utoto, alikaa chini akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Alikuwa ni baba yake yule, kule juu.

Asali ilishuka nyeusi, nzito. Nyawira alimega kipande cha sega, akakitia mdomoni, akakitafuna akiwa amefumba macho. Na hapo, baada ya mambo yote hayo, ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama wima, midomo ikiwa na asali, na Wainaina akasimama kando yake na masikio yaliyovimba, asimkataze.

Jumamosi iliyofuata darasani, Gerishon, ambaye alipenda mambo yaende kwa utaratibu, aliuliza kama tanzia yao haikuharibika, maana mjumbe aliyaacha maneno aliyoandikiwa. Vimla alifikiri.

"Mimi nilitunga mchezo," akasema. "Mzee alileta habari."

Wainaina hakuwapo kujisikia akitajwa. Alikuwa Mugutha, katika uwanja wa kijiji, akiwategea vitendawili watoto wa nyumba zile za mistari, na mama yake Idah akilalamika kwamba sasa haiwezekani kumnyamazisha. Kila msimu alikwenda Ngoliba kuvuna, mpaka uhuru ulipokuja na mpaka magoti yalipomkatalia migunga.

Idah alifaulu mtihani, na fasihi ndiyo aliyoipata vizuri kuliko yote. Akaja kuifundisha miaka thelathini. Mohinder alianguka mara ya tatu, akafungua karakana yake mwenyewe, akatajirika, akahamia Uingereza na wajomba zake. Gerishon alimposa Idah mara mbili kwa Kiingereza, akakataliwa mara zote mbili. Ya tatu alikuja kwa Wainaina na wazee wake, bila tai, akasema kwa Kikuyu cha kwao, akakubaliwa. Na Vimla akaolewa Jinja, nchi ya jirani. Siku ya kuondoka walimsindikiza stesheni, mikono yake imechorwa hina hadi viwikoni, naye akawaambia kwa Kiswahili chake kilekile, "Msilie. Mimi si mfalme, mimi naenda kwa bwana tu." Na wote wakalia, na Gerishon ndiye aliyelia zaidi.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, miguu ya Idah yenyewe ilimpeleka stesheni ya Ruiru. Alishtukia yuko Thika, kwenye baraza la Himatlal, saa nane kamili. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa majora mpaka darini. Akataka kugeuka. Himatlal, mtu wa maneno machache, akamwona, akaanza kuyaondoa majora moja moja kutoka kwenye benchi mpaka pakapatikana nafasi ya watu watatu. Shakuntala akaleta chai. Wakakaa, yeye na wazee wale wawili, wakinywa, kila mmoja akisikia jinsi nyumba ilivyokuwa tupu.

Himatlal akaweka kikombe chini. "Siku ile ya mchezo mimi nilikuwa dukani, naangalia mlango," akasema kwa haya. "Ile mfalme ya mto. Mwanzo yake ilikuwa namna gani?"

Idah akaisogeza chai yake kando, akamwambia palikuwa na ukame mkubwa, na mji ulikuwa juu ya mlima.